Kobe Alipotoka Golini

Hapo zamani za kale, kabla binadamu hajajua kupiga mpira, wanyama walikuwa na timu zao na mwamuzi wao, Korongo. Kaeni vizuri basi, na wewe acha kumfinya mwenzio.

Mwaka huo ukame ulikuwa mkali na bwawa lilibaki moja. Wakubwa walitangulia kunywa, wakilivuruga kwa kwato zao. Wadogo waliambulia tope, na watoto wa Nguchiro wakaanza kuumwa matumbo. Ikakubaliwa kwamba timu itakayoshinda ndiyo itakayotangulia kunywa mpaka mvua inyeshe.

Mechi ikawa bila kwa bila. Dakika za mwisho Nyati, nahodha wa wakubwa, akawapita wote, akabaki yeye na Kobe golini. Nguchiro, nahodha wa wadogo, akaona maji yanakwenda. Akajitupa chini, pu! Akashika mguu na kulia kama anayechinjwa.

Mpira uko mguuni, goli liko wazi, na Korongo hajapuliza filimbi. Wallahi, wajukuu zangu, Nyati alisimama. Akautoa mpira nje kwa makusudi, akarudi mbio kumwinamia Nguchiro. Mimi kila nikilisimulia hili mwili hunisisimka.

"Pole, ndugu yangu. Umeumia wapi?"

"Mguu, kaka. Lakini unaanza kupoa."

Desturi mnaijua. Wenzenu wakiutoa mpira ili mtu wenu atibiwe, mkirusha mnawarudishia. Wakubwa wakasimama wakingoja mpira wao. Nguchiro akamkonyeza Digidigi aliyeshika mpira, naye kwa kuzoea kumtii nahodha, akamrushia yeye. Nguchiro huyoo, chapuchapu, mguu mzima kabisa, mpira wavuni! Korongo alitafuta sheria iliyovunjwa, hakuiona. Likawa goli.

Nguchiro akapiga mbinja, akageuka ili akumbatiwe. Hakuna aliyemfuata. Digidigi alikuwa akitazama chini.

Mpira ulipoanzishwa tena, Kobe akatoka golini polepole, akakaa pembeni. Nguchiro akamjia juu, akamwuliza kama amesahau kuwa watoto wanakunywa tope.

"Hata wangu wanakunywa tope," Kobe akasema. "Lakini yule alikuwa ameshashinda, akaacha kwa ajili yako. Nyati, njoo ufunge."

Nyati akatembea na mpira mpaka wavuni, na hakuna mdogo aliyenyoosha mguu kumzuia. Ikawa moja kwa moja, na filimbi ya mwisho ikalia. Mashabiki walibaki wamesimama, wengine wanafuta machozi.

Nguchiro alipofika nyumbani, mkewe alikuwa amesikia habari ya kuumia tu, hakusikia yaliyofuata. Alikuwa na maji ya moto tayari. Akauliza ni mguu gani. Nguchiro akaunyoosha uleule mzima, akakandwa, akalia, na safari hii kilio kilikuwa cha kweli.

Asubuhi wakubwa walifika bwawani mapema, lakini hawakuingia. Nyati alisema waliokataa goli la hila hawawezi kunyweshwa tope. Wadogo wakatangulia kwenye maji matulivu, na watoto wakanywa mpaka wakatosheka. Nguchiro alikuja nyuma ya wote, akichechemea.

Ndiyo maana nawaambia: ushindi wa hila hauna wa kukukumbatia.