Gogo la Katikati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na vitanda na masufuria kama sisi, Kiboko na mkewe walikaa kando ya mto mmoja wenye fujo. Kila masika mto ulifurika, ukaingia sebuleni bila hodi na kuondoka na vyombo. Mwaka mmoja ulibeba kitanda, Kiboko mwenyewe akiwa amelala juu yake, na hakuamka mpaka alipojigonga kwenye ukuta wa majirani wa kijiji cha pili.

Konokono naye alikuwa na kilio chake. Maji yakija kwa kasi, watoto wake walisombwa mpaka baharini. Mafuriko yakipungua, Kamba walipanda mto kutoka huko huko baharini, wakawala waliobaki. Nasema Kamba wa majini, mwenye sharubu ndefu kuliko mwili, si kamba ya kufungia mbuzi.

Basi Konokono akatambaa kwenda kwa Kiboko. Alikwenda polepole hata njiani akasahau anakwenda kwa nani, akakumbuka, akaendelea. Alipofika alimsifu Kiboko kwa unene wake, kisha akamuuliza mtu mzito kama yeye anakubalije kuhamishwa na maji. Kwa nini asijenge ukuta kukata mto, apate bwawa lililotulia la kuogea?

Kiboko alipendezwa. Akamwita rafiki yake Tembo. Tembo alileta magogo akayasimika, Kiboko akakanyaga udongo, chapa, chapa, akaziba kila tundu. Mto ukanyamaza.

Mwanzoni ilikuwa raha. Walioga asubuhi, wakaoga tena jioni. Lakini magugu yakaota bwawani, na kwenye magugu Konokono akazaa, na watoto wake wakazaa. Hakukuwa na mafuriko ya kuwasomba wala Kamba wa kuwala, maana ukuta uliwafungia njia. Bi Kiboko akifunua birika, konokono. Akivaa kiatu, konokono. Akimbusu mumewe shavuni, konokono.

Kisha ngozi zikaanza kuwawasha. Muda ukapita, Kiboko akaenda haja ndogo, akaona damu. Aliogopa sana, lakini kwa aibu hakumwambia hata mkewe. Tembo naye yalimpata hayo hayo. Akawa anajificha kukojoa nyuma ya kichaka kinachomfika magotini, huku amefumba macho, akiamini haonekani. Wengine walikojoa mle mle bwawani ili wenzao wasijue, na ugonjwa ukazidi. Kilikuwa kichocho.

Chini ya ukuta alikaa Kamba mmoja, mwenye njaa na mwembamba kama uzi. Yeye aliwajua konokono tangu utoto wake. Akapanda mpaka kwenye ufa wa ukuta, akamweleza Kiboko ukweli: kuna vijidudu vidogo visivyoonekana vinavyokulia ndani ya konokono, vikitoka vinapenya ngozi ya anayeoga, na anayekojoa majini anawarudishia konokono ugonjwa wao. Akamwomba afungue ukuta ili maji yapite, na Kamba nao wapite.

Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika.

“Mimi niangushwe na konokono?” akasema. “Nenda zako, kitoweo wewe.”

Kamba hakubishana. Asubuhi iliyofuata alimkuta Tembo akinywa maji chini ya ukuta.

“Shikamoo, Mzee Tembo. Pole kwa maneno ya rafiki yako.”

“Marahaba. Maneno gani?”

“Anasema ukuta unashikwa na udongo wake. Ati magogo yako ni mapambo tu.”

Masikio ya Tembo yakasimama. Kamba akamwacha hapo, akaenda kwenye ufa. Juu yake Kiboko alikuwa akiota jua.

“Mzee Kiboko, Tembo anasema udongo wako ni uji. Ati bila magogo yake, ukuta huu ungekwisha lala.”

Kabla ya adhuhuri wazee wale walikuwa juu ya ukuta, pua kwa pua. Tembo alisema atang'oa gogo moja ili Kiboko aone ukuta unavyolegea. Kiboko akamwambia ang'oe hata mawili, udongo hautatikisika. Tembo akang'oa. Maji yakaanza kuchuruzika.

“Umeona?” akauliza Tembo.

“Sijaona kitu. Toa la katikati.”

Konokono, kule kwenye magugu, aliwasihi waache. Lakini sauti ya konokono haifiki mbali, na wale wawili wasingesikia hata radi.

Tembo akazungusha mkonga kwenye gogo la katikati, akavuta.

Puu! Ukuta ukabomoka. Magogo, magugu, Kiboko, Tembo na ukoo wa Konokono karibu wote wakaondoka na maji.

“Nimeshinda!” akasema Tembo, mkonga tu ukionekana.

Waliponasa kwenye mchanga, waliona Kamba wengi wakipanda mto kwa furaha, wakiwatafuna konokono waliobaki majanini. Kiboko akamtazama yule mwembamba, akaelewa.

“Umetudanganya.”

“Nimewadanganya, mzee wangu,” Kamba akajibu kwa adabu. “Ukweli nilikuambia kwanza, ukacheka.”

Kiboko alijinasua mchangani. Alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote, na kijiji kizima kikanywa dawa chungu, kikachimba vyoo mbali na mto. Choo cha Tembo peke yake kilichosha majembe yote. Baadaye walijenga ukuta mwingine, lakini huu waliuwekea mlango: Kamba wakapita, na masika yakifika maji yakaachiwa yakimbie.

Basi wanangu, ulimi wangu unapumzika hapa, na funzo ni hili: anayetaka kuufunga mto awasikilize kwanza wanaoishi ndani yake.