Waya Uliomwita Mzee Tai

Kuna watu ukiwaonya wanakushukuru, na kuna watu ukiwaonya ni kama unampigia mbuzi gitaa. Hao wa pili ndio waliotungiwa methali isemayo kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Mtu aliyekwisha kuipenda hatari yake, maneno mema hayampati tena.

Mzee Tai alikuwa karani mstaafu. Waliompa jina hilo walimwona akifunga tai hata akiwa jikoni anamenya viazi. Tangu mkewe afariki, hakuwa na mazungumzo na mtu ila na gramafoni kuukuu ya bati waliyokuwa wakiisikiliza pamoja. Waya wake wa kupeleka sauti kwenye spika ulikuwa umechubuka kama shingo ya kuku mgonjwa. Kila alipoiwasha, hata kabla ya kuweka santuri, spika zilivuma. Ndani ya mvumo huo alimsikia marehemu akimwita kwa jina lao la chumbani. Akigusa bati, vidole vilimsisimka.

"Ananipapasa," alimwambia bintiye siku moja, akitabasamu kama bwana harusi.

Binti huyo, mshonaji aliyeishi naye, nywele zilimsimama. Kesho yake alimwita fundi redio wa ng'ambo ya barabara. Fundi aligusisha kipima umeme kwenye bati, taa yake ikawaka.

"Shikamoo Mzee, lakini huyu si mama," alisema. "Ni umeme unavuja. Uzi wa ardhini ulio ndani ya waya huu, wa kuupeleka umeme chini, umekatika. Leo unakutekenya, kesho utakubeba."

"Marahaba. Mkono wa mke wangu nimeulalia kabla hujaota meno, bwana mdogo. Wewe ndiye wa kunijulisha?"

"Baba," binti alimshika magoti, "nimebaki na wewe tu. Ukienda, nitamwita nani baba?"

Mzee aligeukia ukutani. "Haya, badilisheni."

Fundi aliyeyusha risasi ya kulehemu, akang'oa waya wa zamani, akaunga mpya na kuukaza uzi wake wa ardhini kwenye bati. Alipowasha, spika zilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Mzee Tai aligusa bati. Akagusa tena. Kisha akaguna kama mtu aliyepokea habari za msiba kwa mara ya pili.

Fundi aliutupa waya wa zamani kwenye pipa la jikoni. Laiti angeondoka nao!

Tangu hapo mzee alisusa chakula. Asubuhi moja binti alitoka kupeleka nguo za mteja, akamwacha baba anaoga. Aliporudi, mvumo ulimpokea mlangoni.

Chumbani, sahani ya gramafoni ilizunguka tupu. Waya ule uliochubuka ulikuwa umerudishwa mahali pake, umesokotwa kwa vidole. Baba alikuwa ameketi sakafuni, miguu ikimchuruzika maji, tai imefungwa sawasawa, kiganja kimelala juu ya bati. Alikuwa akitabasamu. Hakuwa akipumua.

Fundi alisikia ukemi wa binti, akavuka barabara mbio, akachomoa plagi ukutani. Sahani ikapunguza mwendo, ikasimama.

Mvumo haukukoma.

"Unasikia?" binti alinong'ona. "Sasa wako wawili. Baba anacheka." Mkono wake ukaanza kunyooka kuelekea kwenye bati. "Wananiita na mimi."

Fundi alipeleka mkono mfukoni. "Sisikii kitu, dada," alidanganya, akaukata waya kwa koleo.

Kimya kikaanguka kama kifuniko.

"Usiiguse. Tutoke nje, nakuomba."

Binti alitazama tabasamu la baba yake. Kisha akaurudisha mkono kifuani, akamfuata fundi hadi juani, akilia. Yeye alionywa mara moja, akasikia. Baba yake alionywa na fundi, akaombwa na mwanawe wa kumzaa, naye akaenda kuichukua ajali yake kwenye pipa la taka. Hakika, sikio la kufa halisikii dawa.