Nani Atakushikia Usukani?

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye pikapu kuukuu. Enzi za uhai wa mkewe, gari likianza kugonga mbele, hawakukimbilia gereji. Mama alipanda, akashika usukani, akautikisa kushoto na kulia, taratibu. Mzee alilala uvunguni, kiganja juu ya jointi za mbele zinazoshika magurudumu, akisikilizia ipi imelegea na inacheza. "Tikisa tena, mke wangu." Ndugu zangu, kuna ndoa zinaishi kwa maneno machache kama hayo.

Mama akafariki. Gari likaanza kugonga tena, na kesho yake mzee alikuwa ashuke nalo mlimani kumpokea binti yake na kichanga chake. Basi Jumamosi hiyo akatandika gunia chini, akatikisa usukani mwenyewe, akashuka mbio, akaingia uvunguni. Chuma kimeshatulia. Akatoka, akapanda, akatikisa, akashuka, akaingia. Kimya. Mnamwona? Mtu mzima anakimbizana na gari lililosimama. Ningecheka, kama isingekuwa inauma.

Jirani yake akauliza kutoka ng'ambo ya ua wa michongoma, "Mzee mwenzangu, kwema huko?"

"Kwema tu. Nakagua gari."

"Umeona nini?"

"Ni zima kabisa."

Lakini alipoketi, hofu ikamshika. Akamfikiria yule mtoto kwenye kona za mlima. Akainuka, akaenda kwenye ua, akasema kwa aibu, "Jirani, naomba unishikie usukani. Sikutaka kukusumbua."

Jirani akapanda, akatikisa. Jointi ya kulia ikagonga kiganjani. Ilikuwa imelika vibaya, isingefika chini ya mlima. Mzee akatambaa kutoka uvunguni, akamkuta jirani bado ameshika usukani, analia.

"Vipi tena?"

"Tangu umzike mama, kila Jumamosi nakaa hapo nyuma ya michongoma," jirani akasema, "nasubiri unisumbue. Na mimi sina mtu."

Sisi je? Asubuhi hii tumeulizana hali pale mlangoni pa kanisa, tukajibu "salama", na nusu yetu tunagonga ndani. Tunaitana wapendwa, halafu tunaona haya kusumbuana. Wewe uliyejikagua peke yako ukajiona mzima, nani alikushikia usukani? Na huyo aliyeketi ubavuni pako, unajua anasubiri nini?

Leo sitaki amina yenu. Mgeukie huyo, umsumbue.