Redio ya Pelele na Kibali cha Kiboko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Masikio mnayo?"
"Tumeyasimamisha!"
"Basi yashikeni, yasije yakanikimbia."

Zamani Simba alikuja kutoka ng'ambo ya mto, akalitawala bonde zima, akaweka sheria: asitangaze mnyama yeyote bila kibali cha Simba. Mwisho wanyama wakamchoka, wakamfukuza. Wakacheza ngoma, ndi! ndi! ndi! Kiboko akakalia kiti. Na ile sheria je? Akafuta neno Simba, akaandika Kiboko. Basi.

Redio ikawa moja tu, ya Kiboko. Asubuhi: Kiboko ameamka. Mchana: Kiboko anakula. Jioni: Kiboko ameshiba. Masika yakaja, mto ukafurika, redio bado inatangaza ameshiba. Vifaranga wa Mama Kanga wakachukuliwa na maji, wote. Mama Kanga alilia mpaka sauti ikamkauka.

Pelele, kale kanyama kadogo kanakoishi kwenye mawe, hakuvumilia. Akapanda mwambani na kiredio chake. Kwi! kwi! kwi! "Jirani zangu, leo maji yamefika kwenye mizizi ya mkuyu!" Mama Kanga, ambaye sasa alikuwa na mayai mapya, akawa habanduki hapo mwambani.

Kiboko akaja, puu! puu! puu! "Kibali kiko wapi?"

"Sina, Mheshimiwa. Ndiyo maana nasema tutunge sera. Tena kali!"

Hilo neno kali likamkolea Kiboko. Akamwita karani wake, Korongo.

"Kwanza," akasema Pelele, "redio ndogo isivuke pale sauti yako inapoishia."

"Inapoishia?" Kiboko akafoka. "Sauti yangu haina mwisho! Andika!"

Korongo akaandika, kwaru kwaru.

"Pili, redio ndogo itangaze mambo madogo tu. Lakini, Mheshimiwa, bondeni humu kuna jambo gani kubwa mbele yako?"

"Hakuna! Yote madogo! Andika!"

Kwaru kwaru. Kiboko akagonga muhuri kwa unyayo, pu!

Masika mengine yakaingia. "Kwi! Habari ndogo: maji yanapanda, Mama Kanga kimbilia kilimani na wanao! Habari ndogo: majani ya akiba ya bonde zima yameliwa, na aliyeyala amelala papo hapo!"

Walisikia wote, hata ng'ambo ya mto. Mama Kanga akapanda na vifaranga wake, hakupotea hata mmoja. Swala na Nyumbu wakaenda kwenye majani, wakamkuta mlaji anakoroma.

Kiboko akamjia Pelele mbio. "Umenitangaza!"

"Kwani hilo ni jambo kubwa, Mheshimiwa?"

Kiboko akafungua kinywa, aaa! Akakifunga, kwap! Akajitosa mtoni, chubwi! Mpaka leo mchana kutwa yumo humo, masikio tu yako nje, anasikiliza kama ametajwa.

"Hadithi nimeitua!"
"Tumeipokea!"
"Na fundisho lake, watoto: mdogo asitie neno kwenye sera. Sera ni kazi ya wakubwa, nao wanajua sana wanachokiandika. Mtu akiwauliza, mwambieni nimewafundisha hivyo hivyo."