Zimwi Lililobebeshwa Mzigo wa Namkunda

Paukwa!

Pakawa!

Mlimani kuna nini?

Ukungu!

Na ndani ya ukungu?

Zimwi!

Haya, sogeeni basi, na mwenye miguu mirefu aikunje.

Hapo kale, juu mlimani, aliishi mwanamke kijana aitwaye Namkunda. Alikuwa na mumewe Mbonea, mama mkwe wake, na binti mchanga ambaye bado hakuwa na jina.

Katika nchi ile, majina yalitolewa mahali pamoja tu: Kighondi, mji mkuu wa zamani, bondeni katikati ya milima, wenye kuta za mawe na mifereji ya maji kando ya kila njia. Huko mtoto alitajwa jina mbele ya ngoma kuu. Lakini ilimpasa afike kabla ya jino la kwanza. Jino likitoka naye hana jina, mtoto ni wa zimwi.

Basi Namkunda akapanga safari. Akachoma magimbi, akakausha nyama, akajaza asali kibuyuni, akafunga mzigo. Kabla hajavuka kizingiti, mzee mwenye kofia ndefu akaingia.

"Hodi, wenyewe! Njaa itaniua."

Mila ya kule ilikuwa hivi: mgeni akikukuta ndani na mzigo umeufunga, unaufungua, anakula. Mzee akala vyote. Akajifuta mdomo.

"Mlikuwa mnakwenda Kighondi? Masika haya! Mtateleza. Mji haukimbii, mama. Mji upo."

"Umesikia maneno ya mtu mzima?" akasema mama mkwe.

Namkunda akakitundika kibuyu kitupu.

Siku moja, wakati wa kipupwe, akafunga mzigo tena. Mzee huyo!

"Hodi, wenyewe! Njaa itaniua."

Safari hii Namkunda alipita nyuma yake kuchukua maji. Kofia ilikuwa imepanda. Akaona kisogoni mdomo mwingine, una meno, unatafuna nyama yake!

"Baridi ya bondeni itamuua mtoto," mzee akasema. "Mji haukimbii, mama. Mji upo."

Alipoondoka, Namkunda akasema, "Mume wangu, yule ni zimwi! Ana mdomo kisogoni!"

"Punguza sauti, atasikia."

"Mama, na wewe hukuona?"

"Katika nyumba hii hatuna tabia ya kuchungulia visogo vya wageni," mama mkwe akajibu.

Hasira ikampanda Namkunda. Mtoto ni wake, ufizi umeanza kuvimba, na yeye anaambiwa apunguze sauti!

Basi safari ya tatu hakupika ndani. Alfajiri akatoa mafiga, akatoa chungu, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kupika njia panda. Mama mkwe akapiga kelele mlangoni, "Unatuaibisha!" Namkunda hakugeuka.

Alipomaliza kufunga mzigo, mzee akatokea.

"Hodi—"

"Hodi ya wapi? Unaona mlango hapa?"

"Njaa itaniua, mama. Na jua hili! Mji haukimbii. Mji upo."

"Mji haukimbii, lakini jino linakuja!" akafoka Namkunda. "Umekula masika, umekula kipupwe. Leo mimi si mwenyeji. Mimi ni msafiri mwenye mtoto mgongoni. Mila inasemaje ukimkuta mtu kama huyo njiani?"

Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakasimama. "Anapokewa mzigo mpaka langoni!" wakasema wote.

"Mimi mzee..."

"Unaipenda mila wakati wa kula tu? Inama!"

Mbele ya macho yale yote, zimwi likainama. Namkunda akaupitisha ukanda wa mzigo kukizunguka kichwa cha zimwi, juu ya kofia, akakaza, akakaza, akakaza. Mdomo wa kisogoni ukazibwa kabisa.

Wakashuka. Kila mara zimwi lilipotaka kupumzika, Namkunda alisema, "Tembea!" Walipofika lango la Kighondi, walinzi wakalitua mzigo na kulivua kofia, maana hakuna aingiaye na kofia mbele ya ngoma. Mdomo wa kisogoni ukaachama.

"Mtoto ni wangu! Jino limekaribia!"

Walinzi wakalitimua kwa mikuki mpaka korongoni.

Mpiga ngoma akauliza, "Baba yake yuko wapi amtaje?"

"Yuko nyumbani, amepunguza sauti. Namtaja mimi. Anaitwa Twende."

Ngoma ikalia: Twende! Twende! Twende! Jioni ile ile jino likachomoza, na halikuwa na la kufanya.

Akiwa anatoka langoni, akawakuta Mbonea na mama yake wakihema.

"Mbona hukutungoja?" Mbonea akauliza.

"Niliwangoja masika na kipupwe," akasema Namkunda, akampa mzigo, akatangulia.

Hadithi yangu imefika langoni, nami naitua hapo. Watoto, mkarimuni mgeni, lakini anayekula chakula chako cha njiani ili usisafiri, huyo msimwogope wala msimwonee haya. Na mama akisema ameona meno, nendeni mkatazame.