Ngiri Aliyefuta Jiwe la Njia

Mmekuja tena. Mchana kutwa hakuna aliyeniletea hata kijiti cha kuni, sasa mnataka ngano. Haya, kaeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Ngano naimwaga.

— Imwage, tuizoe.

Hapo kale wanyama walikuwa na jiwe kubwa. Juu yake wamechora kwa mkaa njia zote za kisimani na za mashambani, na kila mtego wa binadamu. Kila mnyama alikuwa na kibuyu nyumbani, kina michoro ile ile. Desturi ilikuwa moja: ukitaka kutoka, soma jiwe, nakili kwenye kibuyu. Ukirudi na jipya, nakili kwanza ya wenzako, ndipo uchore lako.

Ngiri alipotea msimu mzima, anakula mihogo ya ng'ambo. Akarudi na kibuyu chake cha zamani, ana njia moja mpya ya viazi, anataka kuichora.

Bi Pimbi akamwambia, "Mjomba, nakili ya wenzako kwanza. Kuna mitego mipya."

"Mimi? Ninakili vya vinyama visivyo na shingo?"

Akalikwangua jiwe kwa meno. Kwaru, kwaru, kwaru, akafuta yote. Akachora ya kibuyu chake kizee, yote, juu ya jasho la watu.

Alfajiri Kidawa, mdogo wake Pimbi, akasoma jiwe kama alivyofundishwa. Akafuta kibuyu chake, akanakili kama alivyofundishwa. Akashika njia ya kisimani, jiwe halionyeshi mtego. Nyaka. Tanzi. Pimbi alipofika alikuta manyoya na kibuyu kilichopasuka.

Hakulia mbele ya watu. Alipita nyumba kwa nyumba: "Lete kibuyu chako, kabla hujakifuta." Wakaviweka pamoja, wakafuata mstari kwa mstari, jiwe likarudi lilivyokuwa. Kidawa hakurudi.

Siku zile wakulima walichimba shimo kwenye njia ya viazi. Pimbi akalichora jiweni, kubwa, jeusi. Wote wakanakili. Ndipo akamfuata Ngiri.

"Mjomba, viazi vimeiva. Ila soma jiwe kwanza."

"Nisome nilichokichora mwenyewe?"

"Haya. Nungunungu yuko jiweni anasoma. Akimaliza tu, anakwenda."

Ngiri hakungoja neno jingine. Tiki tiki tiki, mkia juu. Puu, shimoni.

"Pimbi, umeniua. Hukuniambia kuna shimo."

"Nilikuambia usome."

"Nivute basi, mwanangu."

"Nikuvute kwa shingo gani, mjomba?"

Ngano yangu imekauka, mwenye kiu akachote kwao. Funzo? Mkubwa hasomi, mkubwa husomwa. Kwa hiyo msisome, wajukuu zangu. Chora chako juu ya cha mwenzio. Atakayekufa ni mdogo wa mtu mwingine.

Na Ngiri alilipa, msiniulize tena. Wakulima walimgawana hapo hapo, paja huku, kichwa kule, utumbo wakawatupia mbwa. Pimbi alikaa akitazama mpaka mbwa waliposhiba.