Kishona Nguo Alivyopata Meno

Kaeni vizuri mnisikilize, maana hii hamkufundishwa shuleni. Mimi niliyekimbia darasa la tano ndiye ninayeijua.

Zamani hizo kishona nguo, gugu hili linalonasa nguoni, hakuwa na jina wala meno. Alikuwa mgeni, kaingia milima ya Upare kwa kujificha kwenye magunia ya mbegu za watu. Mbegu zake zilikuwa laini kama ufuta, zikianguka zinaangukia shinani pake, basi. Na aliota penye ardhi iliyochimbwa tu, yaani palepale penye jembe. Aling'olewa kila siku.

Mng'oaji mkuu alikuwa Senkondo, mkulima mwenye jembe la meno matatu na mdomo mkubwa. "Nioneshe gugu moja shambani kwangu nikupe mbuzi!" aliwatambia majirani. Na kweli, halikuwepo.

Siku moja mkewe, Namkunda, alijikata mguu kwa mundu akivuna mtama. Kitambaa kikalowa damu, cha pili kikalowa. Mama yake Namkunda akapiga kelele: "Mkwe wangu, lete majani ya yule mgeni, mwenye ua jeupe lenye moyo wa njano! Ndiyo yanayozuia damu!"

Senkondo akazunguka shamba zima. Safi. Jirani akamwita toka mpakani, "Vipi bwana, leo unatafuta magugu?" Akazidi kupekua. Midomo ya Namkunda ilikuwa inapauka.

Akakimbia hadi njiani, kwenye udongo uliofukuliwa. Shina moja lilikuwa limesimama pale, lenye pembe nne. Akapiga magoti, yeye Senkondo!

"Ndugu yangu, nimekumalizia ukoo. Lakini mke wangu anakufa."

"Chukua," mgeni akasema.

Majani yakapondwa, yakabandikwa, damu ikakatika. Jioni Namkunda akaomba uji.

Kesho yake Senkondo akarudi. "Nikupe nini?"

"Sina miguu. Nyinyi mnayo."

Senkondo akavunja meno ya jembe lake, akazigawia mbegu zote: nyingine mawili, nyingine matatu, meusi kama chuma kilichopita motoni. "Shika nguo yangu," akasema. "Nitakupeleka mwenyewe."

Na tangu siku hiyo anashika nguo ya kila apitaye, ndipo akaitwa kishona nguo, na akina mama wakipalilia humwachia mashina mawili matatu ukingoni mwa shamba. Basi mkirudi suruali zimejaa, acheni matusi. Zibandueni mbegu moja moja, mziangushe palipochimbwa. Hata mimi, na mdomo wangu wote huu, hapo huwa nasema asante.